Si kila kitu hutegemea mtazamaji

Muhula uliopita nilikuwa nikisahihisha insha za wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu kuhusu matumizi ya njeo katika Kiswahili, nikakutana na sentensi iliyonifanya niiweke kalamu chini. Mwandishi wake, kijana hodari ambaye kwa kawaida hapotezi maneno, alikuwa amejenga hoja kwamba wakati uliopita na wakati ujao ni mapokeo ya lugha tu, kisha akahitimisha kwamba, kama alivyothibitisha Einstein, kila kitu hutegemea mtazamaji, na kwa hivyo hakuna ukweli ulio mmoja.

Si yeye wa kwanza. Kauli hiyo nimeisikia mikahawani, nimeisikia katika makongamano ya wahakiki wa fasihi, na nimewahi kuisikia ikitolewa na mtu aliyekuwa akijitetea kwa kuchelewa mkutanoni. Yeyote anayetaka kulikwepa swali gumu humwita Einstein awe shahidi wake. Mimi si mwanafizikia. Kazi yangu ni sarufi. Hata hivyo, nimesoma kiasi na kuwasumbua wenzangu wa fizikia kiasi, na ninaweza kusema bila wasiwasi kwamba shahidi huyo akiitwa kizimbani atamkana aliyemwita. Nadharia ya uhusianifu, licha ya jina lake, ilituachia kitu kimoja kisichomtegemea mtazamaji hata chembe. Kitu hicho ndicho ninachotaka kukieleza leo, na nitakieleza kwa Kiswahili, kwa sababu wapo walimu wanaoamini kwamba hakielezeki kwa lugha hii.

Tuanze na jambo ambalo kila mwalimu wa Kiswahili amewahi kulifundisha. Mtihani unaanza saa mbili asubuhi na kumalizika saa nne. Mgeni aliyeketi kando yetu anasema umeanza saa nane na kumalizika saa kumi, kwa kuwa yeye huhesabu saa tangu usiku wa manane ilhali sisi huhesabu tangu kucha. Hatukubaliani naye juu ya nambari hata moja. Lakini tukiulizwa mtihani umechukua muda gani, sote tutajibu kwamba umechukua saa mbili. Chanzo cha hesabu kimehama kwa saa sita, na kilicho kati ya mwanzo na mwisho hakikuhama. Namna ya kulitaja tukio ni ya mtajaji; kinachoyatenga matukio mawili si mali yake.

Hadi mwanzoni mwa karne ya 20 wanafizikia walidhani kwamba vipo vitenganishi viwili vya namna hiyo, kimoja cha wakati na kimoja cha mahali, na kwamba kila kimoja kinajitegemea. Muda baina ya matukio mawili ulidhaniwa kuwa uleule kwa kila mtu, awe ameketi au anakimbia. Urefu wa ufito nao ulidhaniwa kuwa uleule kwa wote. Mwaka 1905 Albert Einstein, aliyekuwa na umri wa miaka 26 na akifanya kazi katika ofisi ya hataza mjini Bern, Uswisi, alichapisha makala iliyoziangusha dhana hizo zote mbili. Alianza na kanuni mbili tu. Ya kwanza, sheria za maumbile ni zilezile kwa kila anayekwenda kwa mwendo usiobadilika. Ya pili, kasi ya nuru katika ombwe, ambayo ni takribani kilomita 299,792 kwa sekunde, ni ileile kwa kila mtu, hata kwa anayeikimbilia nuru hiyo au kuikimbia. Ukizikubali kanuni hizo mbili, huna budi kuyakubali yanayofuata.

Chukua kengele mbili za shule, moja Nairobi na nyingine Mombasa, zinazogongwa saa mbili kamili. Kwa mstari ulionyooka, miji hiyo imetengana kwa kilomita 440 hivi, na nuru huvuka masafa hayo kwa sekunde 0.0015 kasoro kidogo. Mtu aliyesimama katikati ya safari, ambaye ishara za nuru kutoka pande zote mbili zinamfikia kwa mpigo mmoja, atasema kwamba kengele ziligongwa pamoja. Abiria aliye ndani ya treni inayoelekea Mombasa kwa kilomita 120 kwa saa, akizipima ishara hizohizo kwa uangalifu na kukumbuka kwamba kasi ya nuru kwake ni ileile, atasema kengele ya Mombasa ilitangulia. Itakuwa imetangulia kwa sekunde moja iliyogawanywa mara bilioni sita. Hakuna mwalimu mkuu atakayeitwa kujieleza kwa tofauti hiyo, lakini ipo, na abiria hajakosea wala aliyesimama hajakosea. Neno “pamoja”, tukilitumia kwa matukio yaliyo mbalimbali, halina maana moja kwa wote.

Hapa ndipo mwanafunzi wangu aliposhuka garini, na wengi hushukia kituo hikihiki. Wanaona kwamba muda umevunjika na urefu umevunjika, nao wanatangaza kwamba kila kitu kimevunjika. Gari lenyewe lilikuwa bado halijafika.

Aliyelifikisha alikuwa Hermann Minkowski, mwanahisabati aliyewahi kumfundisha Einstein mjini Zürich. Mnamo Septemba 21, 1908, mjini Köln, Ujerumani, alitoa mhadhara kuhusu mahali na wakati, akasema kwamba tangu siku hiyo viwili hivyo, kila kimoja peke yake, ni vivuli tu, na kwamba muungano wa viwili ndio pekee ulio na uhalisi unaojitegemea. Alifariki Januari 1909 akiwa na umri wa miaka 44, miezi michache tu baada ya mhadhara huo.

Wazo la kuunganisha “wapi” na “lini” si geni masikioni mwa mtumiaji wa Kiswahili. Tazama kirejeshi -po-. Nikisema “alipozaliwa palikuwa na mvua”, huwezi kuapa kama ninazungumzia mahali au siku. Tunasema “hapo mezani” na pia “hapo kale”. Tunasema “papo hapo” tukiwa na maana ya pale pale au ya mara moja. Mzee akiulizwa soko liko mbali kiasi gani hujibu kwamba ni mwendo wa saa tatu, na hakuna anayemsahihisha kwa kumwambia kwamba saa si kipimo cha umbali. Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba babu zetu waliijua nadharia ya uhusianifu kabla ya Einstein. Madai ya aina hiyo hutuletea aibu kuliko fahari, na lugha nyingi duniani hukopa maneno ya mahali ili kuutaja wakati. Ninachosema ni kwamba mwanafunzi wetu hana sababu ya kuutetemekea mlango ambao lugha yake tayari imeuacha wazi nusu.

Jibu la yule mzee, kwa hakika, linatupa chombo tunachokihitaji. Mwendo wa saa tatu ni kipimo cha umbali kwa sababu mwendo wa mtu kwa miguu unajulikana na wote. Mnajimu hufanya vivyo hivyo, ila humwondoa msafiri wa miguu na kuiweka nuru, ambayo mwendo wake ni mmoja kwa kila mpimaji. Mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru huuenda kwa mwaka mmoja. Sasa miaka na masafa vinaweza kuandikwa katika hesabu moja, nasi tunaweza kuuliza matukio mawili yametengana kwa kiasi gani tukivizingatia vyote viwili kwa pamoja.

Fundi mjenzi anapotaka kona ya nyumba iwe mraba hupima futi tatu upande huu, futi nne upande ule, kisha huvuta kamba kuhakikisha kwamba baina ya ncha hizo pana futi tano. Tatu mara tatu ni tisa, nne mara nne ni kumi na sita, jumla ni ishirini na tano, ambayo ni tano mara tano. Ukiigeuza ramani ya nyumba mezani, kiasi cha kwenda kushoto na kiasi cha kwenda juu vitabadilika, lakini kamba itabaki futi tano. Minkowski alionyesha kwamba matukio nayo yana kamba yao, ila kwa hesabu hiyo kuna badiliko moja dogo lenye mambo makubwa: penye kujumlisha, tunatoa.

Chombo cha angani kinaondoka duniani kwenda kwenye nyota iliyo umbali wa miaka mitatu ya nuru, na kwa saa za hapa duniani kinafika baada ya miaka mitano. Matukio ni mawili, kuondoka na kufika. Tano mara tano ni ishirini na tano; toa tatu mara tatu, yaani tisa; inabaki kumi na sita, ambayo ni nne mara nne. Mtengano wa matukio hayo ni miaka minne. Rubani aliyemo chomboni yeye hakuona umbali wowote baina ya matukio hayo, kwani yote mawili yalitokea papo hapo alipoketi. Na saa yake ya mkononi, atakapofika, itaonyesha kwamba imepita miaka minne. Mtazamaji wa tatu, anayetupita kwa kasi ileile ya rubani lakini akielekea upande wa pili, atapima muda wa miaka 8.5 na umbali wa miaka 7.5 ya nuru. Msomaji mwenye kikokotoo na afanye hesabu: mraba wa 8.5 ni 72.25, mraba wa 7.5 ni 56.25, na tofauti ni 16. Wametoa muda tatu zisizolingana, masafa matatu yasiyolingana, na jibu moja.

Nimelitumia neno “mtengano” kwa makusudi. “Umbali” ni wa mahali na “muda” ni wa wakati, na ukilitwaa lolote kati ya hayo mawili utakuwa umelipendelea pande moja la muungano. Kutengana ni kwa watu, kwa miji, kwa siku na kwa miaka. Kuhusu muungano wenyewe, wapo waandishi wanaotumia “anga” kwa upande wa mahali, lakini anga ni ile tuitazamayo juu, na “nafasi” nayo imeelemewa na maana ya fursa. Mimi ningesema “mahali-wakati”, nikijua kwamba ni neno zito. Wataalamu wa istilahi, hasa wenzetu wa Dar es Salaam ambao mwaka 1990 walitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, wanajua kwamba neno zito likitumiwa sana hulainika.

Ile alama ya kutoa ndiyo inayozuia mahali na wakati visiwe kitu kimoja. Kwa fundi, kamba haiwezi kuwa chini ya sufuri. Kwa matukio, upande wa wakati unaweza kuushinda upande wa mahali, ukashindwa nao, au pande zikatoshana nguvu, na kila hali ina tabia yake.

Wakati ukishinda, kama katika safari ya rubani, ipo saa inayoweza kuhudhuria matukio yote mawili, na mtengano ni kile itakachosoma saa hiyo ikienda moja kwa moja kwa mwendo usiobadilika. Tena ni lazima watazamaji wote wakubaliane ni tukio lipi lililotangulia. Wanaweza kubishana juu ya miaka mingapi. Hawawezi kubishana juu ya kabla na baada. Hakuna mwendo wowote, wa treni, wa roketi wala wa kitu kingine, utakaomfanya mtoto aonekane amezaliwa kabla ya mamake. Sababu hutangulia tokeo, kwa kila mtazamaji. Ninapenda wanafunzi wa historia nao wayasikie haya.

Wala haya si ya kwenye karatasi tu. Miale itokayo angani inapoipiga hewa ya juu huzalisha chembe ziitwazo myuoni, ambazo kwa wastani huishi mikrosekunde 2.2, yaani sekunde mbili na ushei zilizogawanywa mara milioni moja. Katika muda huo hata nuru haipiti mita 660. David Frisch na James Smith, katika jaribio walilolichapisha mwaka 1963, walizihesabu chembe hizo kwenye kilele cha Mlima Washington nchini Marekani, wakapata takribani 563 kwa saa. Kisha wakahesabu karibu na usawa wa bahari, takribani mita 1,900 chini, safari inayochukua mikrosekunde 6.4 hivi kwa saa zetu. Kwa hesabu ya zamani, chembe ambazo zingesalia hazingefika 30. Walihesabu zaidi ya 400. Chukua muda wa safari, toa masafa kwa kanuni ile ile, na mtengano unaobaki ni takribani mikrosekunde 0.7. Hiyo ndiyo saa ambayo chembe huifuata inapokufa, si ya kwetu.

Hali ya pili, ambapo mahali pameushinda wakati, ndiyo iliyonishughulisha zaidi kama mwanaisimu. Kengele zetu za Nairobi na Mombasa ziko katika hali hii ikiwa zimepishana kwa chini ya ile sekunde 0.0015. Hakuna kitu, hata nuru, kinachoweza kutoka kwa moja na kuiwahi nyingine, kwa hivyo moja haiwezi kuwa sababu ya nyingine. Na ni hapa peke yake ambapo watazamaji wana ruhusa ya kutofautiana juu ya ipi ilitangulia. Zingatia jinsi maumbile yalivyo na hadhari: yameruhusu mpangilio ugeuke pale tu ambapo kugeuka hakumdhuru mtu.

Baina ya miji yetu, mwanya huo ni mdogo mno kuonekana. Baina yetu na jua, ambalo nuru yake hutufikia baada ya dakika nane na sekunde ishirini hivi, mwanya ni wa takribani dakika 17. Tukio lolote la huko lililo ndani ya mwanya huo, kuhusiana na hapa nilipo sasa, halijawa sehemu ya wakati wangu uliopita, kwani habari zake hazijaweza kunifikia. Wala si sehemu ya wakati wangu ujao, kwani lolote nifanyalo sasa haliwezi kuligusa. Tuseme kumetokea mlipuko. Nitumie njeo gani? Kiambishi -li- kinadai kwamba jambo limepita. Kiambishi -ta- kinadai kwamba linakuja. Kiambishi -me- ni kibaya zaidi, kwa sababu “jua limelipuka” humaanisha kwamba athari yake tayari ninayo. Sarufi yetu, sawa na sarufi nyingine nilizozisoma, iliundwa na watu ambao “sasa” yao ilienea kijiji kizima bila mgogoro. Wanafizikia wa Kiingereza walilipa eneo hili jina lenye maana ya mahali pengine. Sisi tuna jina bora: kwingineko. Katika ngeli zetu za mahali, pa- ni pa mahali dhahiri, mu- ni mwa ndani, na ku- ni kwa mahali pasipobainika. Ku- ndiyo inayofaa kabisa kwa matukio ambayo hata kabla na baada yake hazijabainika.

Hali ya tatu ina historia yake hapa kwetu pwani. Mnamo Desemba 12, 1970, siku ya maadhimisho ya uhuru, setilaiti ya uchunguzi wa miale ya eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi, nayo ikapewa jina Uhuru. Miongoni mwa vitu ilivyovichunguza ni Cygnus X-1, ambayo leo inakadiriwa kuwa umbali wa miaka 7,000 hivi ya nuru. Miale iliyoipokea ilikuwa imeondoka huko miaka 7,000 hivi kabla, kwa saa zetu. Chukua 7,000 mara 7,000, utoe 7,000 mara 7,000. Mtengano wa kuondoka kwa mwale ule na kupokelewa kwake ni sufuri. Si kwamba matukio hayo ni mamoja. Ni kwamba yameunganishwa na nuru yenyewe, na kila mtazamaji popote alipo ataipata sufuri hiyohiyo. Wapo wanaoongeza kwamba basi nuru “haihisi” wakati. Nisingekwenda huko, kwa sababu hakuna saa iwezayo kupanda mwale, na kuuliza saa isiyoweza kuwepo ingesoma nini ni kucheza na maneno.

Mwanafunzi wangu nilimwita ofisini, nikamchorea ile pembetatu ya fundi na kumwachia azifanye hesabu mwenyewe. Alipozimaliza mara tatu na kuipata nne mara tatu, aliiomba insha yake airekebishe. Ile sentensi kuhusu Einstein aliifuta. Mahali pake aliandika kuhusu mlipuko wa jua usiojulikana bado, nami nimekuwa nikiitafakari njeo aliyoichagua: “Lililotokea kwingineko halijatokea kwetu.” Ana -li- na -ja- katika sentensi moja kwa tukio moja, na yule -li- wa mwanzo bado simkubali, maana kwa mtazamaji mwingine angekuwa -ta-. Tulibishana juu yake hadi saa kumi na moja jioni.